Kutupa Libanga: Ufundi wa Sifa Mtaani Mapendo

Kila mtaa uko na njia yake ya kumpaka mtu mafuta. Nairobi tunasema msee anajipendekeza, analamba viatu, ama anampaka mdosi mafuta kwa mgongo wa chupa. Bongo siku hizi kuna machawa, na Baba Levo wa Kigoma alijiita chawa wa Diamond Platnumz mchana kweupe, watu wakamzoea hivyo. Waingereza nao wanampaka mtu siagi kama mkate wa asubuhi. Lakini kama unataka kucheki hii maneno ikifanywa kwa ufundi, ikiwa na bei yake na sheria zake, shuka Gisenyi, Rwanda, vuka mpaka wa Kongo kwa miguu pale Petite Barrière, na uingie Mapendo. Hapo Goma wasee hawapakani. Wanatupiana. Wanatupa libanga.

Form ni hivi. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu kwa sifa mbele ya watu wengine, iwe ndani ya wimbo, kwa maiki ya harusi, ama barabarani tu, ndio huyo mtu afungue mfuko. Neno ni la Lingala, na libanga ni jiwe. Unatupa jina, linampata mwenyewe, anageuka, watu wanageuka na yeye, na hapo ashashikwa: akitoa kitu ni mkubwa, asipotoa kila mtu ameona. Wingi wake ni mabanga, na kuna nyimbo za Kinshasa ambazo mabanga ni mengi kuliko maneno ya mapenzi. Halafu kuna jiwe la pili kwa Lingala hiyohiyo, kobeta libanga, kugonga jiwe, ambayo ni kuhaso, kusaka unga kwa jasho. Wasee wa Mapendo wanafanya zote mbili, na mara mingi ni mtu mmoja, siku moja.

Mapendo yenyewe ni mtaa wa komini ya Goma, umebanana upande wa Birere na mpaka wa Rwanda. Keja nyingi ni za mbao. Chini ni lava iliyopoa, nyeusi, yenye meno, inakula ndula mpaka soli inaisha upesi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto ukapita katikati ya mji mpaka ndani ya Ziwa Kivu, na watu wakarudi kujenga juu ya jiwe lenyewe. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukamwaga tena, na hiyo mara lava ikasimama pembeni ya mji. Ndio maana kugonga jiwe Goma ni kitu unaona kwa macho: wamathe na vijana wamekaa na nyundo, wanavunja lava kuwa kokoto ya kuuzia mafundi wa nyumba, rundo baada ya rundo. Msee ambaye ameshinda juani na nyundo, jioni akikuita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, ndio umnunulie dishi, mimi siwezi kumwita mnafiki. Amehama kutoka jiwe moja akaenda kwa lingine.

Anza na vyeo, juu hapo ndio ufundi unaanzia. Mapendo mtu haitwi jina lake hivihivi kama bado hajazoewa. Ukipita tu, motari aliyekaa kwa nduthi yake anakupima kuanzia chini kwenda juu, na kabla hujafika ashakupa cheo. Vieux ni ya bure, kila mtu aliyekuzidi hata mwaka mmoja ni vieux. Grand inataka kitu kidogo, labda sigara, labda kukubaliwa tu kama mdogo wako. Patron maana yake ameona ndula zako. PDG maana yake ameona simu yako. Mukubwa ni ya mtu mwenye mihuri, bunduki ama gari yenye kioo cheusi, na hiyo inasemwa kwa sauti ya chini kuliko zile zingine. Ukiskia Excellence, jua hesabu ilishapigwa na wewe ndio jibu. Wasee wa kubeba mizigo kwa chukudu, ile skuta ya mbao, wanajua hii ngazi kuliko kijana yeyote mwenye diploma, juu wao kosa la cheo linawagharimu dishi ya mchana.

Na usidhani ni wanaume peke yao. Wauza unité, yaani kredo ya simu, wamekaa chini ya miavuli yao kando ya barabara na kameza ka mbao, na hapo ndio shule kubwa ya hii lugha. Kijana anakuja mbio, kofia ameishika mkononi.

"Mama Présidente! Leo unaangaza mpaka Gisenyi wanakuona."

"Deni ya jana iko wapi?"

"Nilikuwa nakuya kukulipa, Mama Présidente. Lakini kwanza unipatiye unité ya franga elfu moja."

"Ulipe ya jana kwanza, Monsieur le Ministre."

Cheki vile mathe amemrudishia. Hakukasirika, hakumfukuza, hakumwaibisha mbele ya wateja. Alipokea libanga, akalipima, akamtupia lake, na sasa ni waziri ndiye yuko na deni. Kijana akacheka mpaka akashika meza, akatoa mia tano. Nusu ya deni ikalipwa hapo hapo, na unité ya mia mbili akapata. Ungeita hiyo uongo? Mimi naona watu wawili wenye biashara ndogo wameongea kuhusu pesa bila mtu kuumia, na hiyo si kitu ndogo kwa mji ambao kila mtu ana deni kwa mtu.

Sasa hii ufundi imekuja na muziki kutoka Kinshasa, mbali sana, upande ule mwingine wa nchi. Bendi ya Zaïko Langa Langa ilianza 1969, na mwanzo wa miaka ya 1980 ikaleta mbele ya bendi aina mpya ya msanii, atalaku. Kazi ya atalaku si kuimba. Yeye anapiga kelele wakati gitaa zimeingia seben, ile sehemu ya kasi ya kucheza, anaita densi mpya, anachochea watu, na anataja majina. Kayamba lake lilikuwa mkebe wa dawa ya mbu uliotobolewa na kujazwa mbegu ndani. Huo mkebe umebadilisha muziki wa Afrika kuliko vyombo vingi vya bei kubwa, na bado naona haujapewa heshima yake.

Kutaja wakubwa kulikuwepo kabla ya hapo. Franco Luambo alitoa wimbo wa Azda mwaka 1973, na Azda ilikuwa kampuni ya kuuza magari ya Volkswagen, kwa hivyo nchi nzima ilikuwa inacheza tangazo la biashara na kulipenda. Mwaka 1984 huyohuyo Franco akaimba kumpigia debe Rais Mobutu kama mgombea, uchaguzi ambao mgombea alikuwa mmoja. Lakini kilichofanya libanga kuwa wera kamili ni njaa. Miaka ya 1990 pesa ya Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilioza, bei zikapanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka mmoja, kaseti zikawa zinanakiliwa kila kona na mwanamuziki hapati kitu. Album haikulipa tena. Show ililipa kidogo. Kilichobaki na bei ni jina la mtu tajiri, na matajiri wapya walikuwepo: vijana waliorudi kutoka migodi ya almasi ya Lunda huko Angola wakiitwa bana Lunda, na wale waliokuwa Ulaya, wakirudi na suti ambazo kila mtu lazima ajue zimetoka wapi. Hao walikuwa na dola lakini hawakuwa na ukoo wa kuwasifu. Wakanunua.

Bendi ya Wenge Musica ilipovunjika mwaka 1997, JB Mpiana upande mmoja na Werrason upande mwingine, vita yao ikawa pia vita ya vyeo. Mmoja Souverain Premier, mwingine Roi de la Forêt. Mashabiki wakagawanyika, majina ndani ya nyimbo yakaongezeka, na hiyo fashion ikapanda ndege na malori mpaka Kivu. Siku hizi kijana wa Goma si lazima aangalie Kinshasa kutafuta nyota. Innoss'B alizaliwa hapo hapo Goma, na mwaka 2019 Yope yake, baadaye na Diamond ndani, ilichezwa kutoka Kariakoo mpaka Kayole. Lakini heshima ya jina kutajwa kwa wimbo bado iko palepale.

Wasee wa Nairobi hii haiwezi kuwashangaza sana. Tumelelewa na Wakongo. Samba Mapangala alianzisha Orchestra Virunga hapa Nairobi mwaka 1981 na akaipa jina la milima ileile inayosimama juu ya Goma. Na sisi wenyewe tuko na pakruok. Ukienda usiku wa ohangla, Mjaluo mwenye pesa anasimamisha muziki, anatoa kitu, anajisifu yeye, rafiki yake, ng'ombe wa babu yake, boma la shemeji, halafu muziki unaendelea. Tofauti naiona hapa: kwa pakruok unasema mwenyewe kwa mdomo wako, na ukishindwa na maneno watu wanakucheka. Kwa libanga unakodi mdomo wa mtu mwingine. Mjaluo lazima awe na mistari. PDG anahitaji tu kuwa na noti. Kwa hiyo sehemu, mimi niko upande wa pakruok kabisa.

Lakini twende harusi ya Mapendo siku ya Jumamosi ndio uone noti inavyofanya kazi. Ukumbi umekodiwa, viti vimevishwa nguo nyeupe, Primus zimepangwa mezani na chupa za Fanta katikati kwa ajili ya walokole. Atalaku amesimama mbele, maiki mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ndani ya simu kuna majina aliyoandikiwa mapema na jamaa wa familia: nani ametoka Canada, nani ako na depo ya simenti, nani ameleta ng'ombe kutoka Masisi. Anayasoma kimoyomoyo huku mdomo unaendelea na densi, na huo ni ujuzi, usiuchukulie mchezo.

Shemeji ya bibi harusi anatoka mezani akicheza, anamkaribia, anambandika dola tano kwa paji la uso. Hiyo inaitwa matabisi. Atalaku hakatizi wimbo. Anashusha noti, anaiinua kwa taa, anapitisha kidole gumba kwa kila kona, anaigeuza, anaangalia mkunjo wa katikati. Ukiishi Goma unajua ni kwa nini. Dola yenye mpasuko hata wa nukta moja haichukuliwi na mtu, si duka, si wabadilisha pesa wa barabarani. Noti iko safi. Hapo ndio jina linatoka, limevutwa, limerudiwa, na cheo mbele na cheo nyuma, mpaka shemeji anafungua vifungo vya koti na kuzunguka mzunguko mzima. Wa pili akaja na noti ambayo kona yake imechanika. Atalaku akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, akamrudishia kwa mikono miwili, akaendelea kuita densi. Jina halikutoka. Jamaa akaenda mezani, akaongea na mke wake, akarudi na noti ingine, na jina likatoka tamu kuliko hata la shemeji.

Pesa yote inaingia kwa katoni chini ya kinanda, na usiku ukiisha wanagawana, mpiga ngoma, mpiga kinanda, fundi wa sauti, kijana wa kubeba spika. Hiyo katoni inalipa kodi ya vyumba kadhaa Mapendo. Kwa hivyo mtu akiniambia hawa ni watu wa kulamba viatu, nitamuuliza kama amewahi kuona ikihesabiwa. Kinachoniuma ni kingine. Nyuma ya ukumbi, kwa moshi, kuna wamathe wamepika sombe, samaki wa sambaza na bugali kutoka saa kumi ya alfajiri, macho mekundu, na muda wote wa sherehe hakuna mtu hata mmoja aliyetaja jina la mpishi. Sifa inapanda tu, inawafuata wenye noti. Ukitaka kujua nani ana pesa kwa familia usiulize, sikiza maiki. Na ukitaka kujua nani amefanya kazi, itabidi utoke nje.

Kwa mambo ya mapenzi sitakawia. Kumkatia dem ni kumtupia libanga kama kawaida, na mamanzi wa Mapendo wameskia yote. Mwanafunzi mmoja wa ushonaji, anashona vitenge kwa kibaraza cha mbao, aliniambia hivi huku sindano iko mdomoni: "Anitupiye libanga, ni muzuri, nitacheka. Lakini libanga haipikwi." Akarudi kwa cherehani yake. Anapokea maneno matamu kama anavyopokea mvua, hayamzuii kuangalia kama huyo jamaa anafanya kazi na kama anasaidia mama yake.

Pale ambapo hii maneno inakuwa nzito ni kwa bunduki.

Goma imebadilisha wakubwa mara mingi kuliko mtoto anavyobadilisha shule. Waasi wa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila waliingia mwaka 1996. Kutoka 1998 waasi wengine, RCD, wakaweka makao yao makuu hapo. Tarehe 20 Novemba 2012 M23, kundi lingine la waasi, ikaingia, ikatoka baada ya siku chache. Mwisho wa Januari 2025 ikaingia tena ikakaa, banki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukasimama. Kila mara watu walewale wa Mapendo wanaamka asubuhi wanakuta kwenye kizuizi sura mpya, buti mpya, lafudhi mpya, na lazima wapite waende kutafuta chakula. Unasema nini? Unasema "Mukubwa, muzee yangu, habari ya kazi?" Unasema hivyo kwa polisi wa roulage, yule wa barabarani, aliyekuwa pale jana, unasema hivyo kwa huyu wa leo, na utasema hivyo kwa yule wa kesho. Mtoto wa miaka kumi anajua kuisema.

Nimeskia watu waliokaa mbali, London, Brussels, hata hapa Nairobi, wanawatukana watu wa Goma kwa hiyo sauti laini. Wanasema wamezoea kuinama. Mimi naona wamekosea sana. Mtu anayempaka mafuta mwenye bunduki ndio afikishe mtoto wake hospitali hana deni kwa mtu yeyote. Hayo maneno ni pasi ya kupita. Wa kulaumiwa ni yule aliyesimama katikati ya barabara akitaka aitwe mukubwa kabla hajainua kamba.

Na kuna wakati nchi nzima iligeuzwa kuwa kizuizi kimoja. Chama cha Mobutu, MPR, kilianzishwa Mei 1967, na miaka ya 1970 sifa ikafanywa kuwa kazi ya serikali. Iliitwa animation politique. Wafanyakazi, wanafunzi, wanawake wa soko, wote walipangwa wacheze na kuimba jina la Kiongozi, wamevaa vitenge vyenye sura yake. Kwa televisheni, habari zilifunguliwa na uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Goma ilikuwa na jumba la Mobutu kando ya ziwa, kwa hivyo wazee wa huku hawakuskia hizo hadithi kwa redio peke yake. Wengine walisimama kwa jua na bendera mikononi wakisubiri msafara. Hapo libanga haikuwa na matabisi. Ulitupa jiwe na hukulipwa, na usipotupa ulitafutwa. Nikiskia leo kijana akimwita diwani Baba wa Taifa ya Mtaa kwa sababu ya fulana na chupa ya bia, naskia zile ngoma bado zinapigwa mahali.

Ndio maana LUCHA ilinishika moyo. Ilianza Goma mwaka 2012, vijana, wengi wa chuo, wengine motari, wengine hawana kazi, wakajiita Lutte pour le Changement. Hawakuwa na rais wala PDG, kwa kusudi kabisa, hawakutaka mtu wa kutupiwa libanga ndani ya kundi lao. Angalia kitu walichokipigania mapema: maji. Goma imekaa kando ya Ziwa Kivu, ziwa kubwa hivyo, na bado watoto wanashuka na vidumu vya njano kuchota maji ya kunywa ziwani. Desturi ilikuwa hivi: mheshimiwa anafungua bomba moja, watu wanaitwa, atalaku anapewa maiki, jina linatajwa mpaka jua linazama, na wiki inayofuata bomba limekauka. LUCHA wakakataa hiyo ngoma. Wakasema maji si zawadi ya kushukuriwa, wakaandika mabango, wakakaa chini barabarani, wakapigwa, wakarudi.

Februari 2016 Kongo ilishinda kombe la CHAN huko Kigali, ikaifunga Mali mabao 3 kwa 0. Goma ililipuka kwa furaha na sifa zikaenda zinakoendaga, kwa mkubwa wa nchi, kana kwamba yeye ndiye alifunga. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 16, siku ya mgomo wa kutotoka nyumbani, polisi wa Goma waliwakamata vijana sita wa LUCHA ndani ya nyumba wakiandaa mabango yaliyounganisha ushindi wa kombe na ushindi wa demokrasia ambao bado. Walihukumiwa miaka 2, rufaa ikashusha mpaka miezi 6. Mmoja wao alikuwa Rebecca Kabugho, msichana wa miaka ya ishirini na kitu. Mwaka uliofuata Marekani ilimpa tuzo ya wanawake jasiri, na dunia ikalijua jina lake. Luc Nkulula, sauti nyingine ya hilo kundi, aliwahi kukaa mbele ya Joseph Kabila mwenyewe, rais wa wakati huo, na kumwambia ana kwa ana mambo ambayo wazee wenye suti walikuwa wanayameza. Alikufa Juni 2018, nyumba yake Goma iliposhika moto usiku.

Halafu kuna Delcat Idengo, mwanamuziki, na hapa narudi kwa maiki. Huyu alikuwa na sauti na mashabiki, angeweza kuishi kwa mabanga kama wengine wengi. Alichagua kuimba kinyume chake. Alitaja wakubwa ndani ya nyimbo, ndio, lakini akitaja makosa yao, wa serikali, wa majeshi ya kigeni, wa waasi, bila kuchagua upande wa kulamba. Alifungwa kwa sababu ya nyimbo. Tarehe 13 Februari 2025, wiki chache tu baada ya mji kuchukuliwa, aliuawa kwa risasi Goma wakati anashuti video.

Wasee, nawapenda atalaku wa Mapendo na nitaendelea kuwatetea na katoni yao. Wacha walipwe. Lakini kabla ya ile seben ya mwisho, wakati shemeji ameketi na noti zimeisha, kunakuwanga na dakika kadhaa ambapo gitaa zinazunguka na hakuna jina lililolipiwa. Hiyo dakika naitaka. Waanze na wamathe waliopika, mmoja mmoja, na majina yao ya kuzaliwa. Halafu Delcat. Halafu Luc. Halafu Rebecca na wale watano aliofungwa nao, majina yao yavutwe na yarudiwe kama la mtu wa simenti, na mkebe wa dawa ya mbu upigwe mpaka mbegu zitoke.